Toa sehemu ya mbwa kabla kitunguu hakijaingia

Jikoni kwangu Tanga kuna bakuli la bati lililobanduka rangi, linakaa kwenye rafu ya dirishani, na hakuna anayeruhusiwa kulitumia kwa kazi nyingine. Nyama ikishachemka kwa maji matupu, kabla sijatia chumvi, tangawizi wala kitunguu saumu, nachota vipande vitatu vinne na supu kidogo naweka humo. Hiyo ni ya Jemadari na Shombo. Ndipo naanza kumenya vitunguu. Kitunguu cha kwanza kikishagusa mafuta, sufuria ile haina tena riziki ya mnyama.

Mimi ni mpishi wa shughuli: harusi, maulidi, hitma, na vikao vya mtaa vinavyotaka chai na maandazi. Si daktari wa mifugo. Ninayoyaandika hapa mengine niliyajua kwa kuumia, mengine kwa kumuuliza daktari maswali mpaka akaanza kucheka akiona namba yangu inapiga.

Jemadari ni mbwa wa kienyeji, mwekundu, kilo 16. Halali ndani, kazi yake ni kulinda ua ninakoweka masufuria makubwa, masinia na mitungi ya gesi. Shombo ni paka, kilo 4, alinifuata siku moja kutoka pwani nikiwa nimebeba kapu la changu na hajaondoka.

Kilichonifunza ni biriani. Nilipika harusi ya watu mia nne, na anayejua biriani anajua kwamba rojo lake si nyama, ni vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, vikapondwa, vikapikwa tena. Tulirudi usiku wa Jumamosi na ndoo ya makombo, kijana wangu akamwonea huruma Jemadari, akammiminia karai zima. Karai lilirambwa likang'aa. Jumapili mbwa mzima. Jumatatu anatembea kivivu, nikasema ni shibe. Jumanne bodaboda iliingia uani na Jemadari hakuinua hata sikio, hapo nikajua kuna jambo.

Daktari alikuja jioni, kijana mdogo tu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mtazame huyu.”

Alimwinua mdomo akanionyesha fizi. Zilikuwa nyeupe kama nyama ya nazi.

“Mkojo wake una rangi gani?”

“Kama chai ya rangi.”

“Jumamosi alikula nini, mama?”

“Alikula vizuri sana.”

“Nini?”

“Biriani.”

Akakaa chini kwenye mbuzi yangu ya kukunia nazi, akanieleza. Kitunguu kina kitu kinachovunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Hazivunjiki siku ile ile. Zinaendelea kupasuka siku mbili tatu, ndiyo maana watu hawaunganishi ugonjwa wa Jumanne na sahani ya Jumamosi. Damu iliyovunjika inatoka kwenye mkojo, mwili unabaki bila cha kubebea hewa, mnyama anahema kama aliyekimbia wakati amelala tu.

Na kupika hakusaidii. Kibichi, cha kukaanga, cha kuchemsha, cha unga wa pakiti, vyote ni kitunguu. Hapo ndipo niliposhika kichwa, kwa sababu unga wa mchuzi na vile vipande vya supu vya dukani vingi vina unga wa kitunguu pamoja na chumvi ya kutosha. Kwa hiyo “nimempa ubwabwa tu na mchuzi kidogo” haina maana ya usalama. Kitunguu saumu ni kikali zaidi, gramu kwa gramu, hadi mara tatu au tano. Vitunguu vya majani navyo ni ndugu yao.

Kipimo alichonipa nimekiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo. Mbwa huanza kuharibika damu kwa gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake. Paka, gramu 5 tu. Piga hesabu: Shombo wa kilo 4 anahitaji gramu 20, na hiyo ni robo ya kitunguu cha kawaida cha sokoni. Jemadari ni vitunguu vitatu hivi, na kwenye lile karai la rojo vilizidi. Kidogo kidogo kila siku navyo vinajumlika.

Alipona. Ilichukua karibu wiki tatu za sindano, ini la kuchemsha na kulala kivulini. Wengine hawaponi.

Uzito basi ujue mapema, maana hesabu zote zinaanzia hapo. Paka na mbwa mdogo, mbebe usimame naye kwenye mizani, kisha simama peke yako, toa. Jemadari nilimpima kwenye mizani ya kuning'iniza ya muuza mkaa, ndani ya gunia, na mtaa mzima ulitoka kutazama.

Zabibu, na ukwaju wetu

Baada ya kitunguu, ninachokiogopa zaidi ni zabibu, mbichi za Dodoma na kavu za kwenye pilau vilevile. Kwa mbwa zinaua figo. Hapa hakuna kipimo cha kuegemea: mbwa mmoja anakula kiganja kizima asidhurike, mwingine anakula chache figo zinafunga. Anatapika ndani ya siku moja, anakataa kula, siku ya pili au ya tatu mkojo unapungua au unakata kabisa. Mkojo ukikata, kwa huku kwetu umechelewa.

Miaka mingi haikujulikana ni kitu gani ndani ya zabibu. Mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu kwa wanyama cha ASPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama cha Marekani, walieleza kwamba wanaishuku asidi ya tatariki. Walifikia hapo baada ya mbwa aliyekula unga wa kuchezea watoto, ule wa kufinyanga, uliotengenezwa nyumbani kwa krimu ya tatari, unga wa kuokea wenye asidi hiyo, kuugua figo kama aliyekula zabibu. Mwaka uliofuata wakaandika juu ya mbwa waliougua vivyo hivyo baada ya kula ukwaju, ambao umejaa asidi hiyo.

Ukwaju! Nilipoambiwa nilicheka, kisha nikanyamaza. Nyumba gani ya pwani haina ukwaju? Tunauloweka kwa juisi, kwa urojo, kwa samaki wa kupaka, na yale makapi yake tunayatupa uani. Mimi sasa makapi ya ukwaju nayafunga kwenye mfuko, na kopo la achari ya ukwaju haliachwi chini. Kama Jemadari amekula samaki aliyelowekwa ukwaju, simsubiri atapike, napiga simu.

Zawadi za wageni

Ndugu wakija kutoka Muscat wanakuja na masanduku, na nusu ya sanduku ni chokoleti. Ndani ya chokoleti kuna theobromini, dada wa kafeini. Sisi tunaitoa mwilini upesi; mbwa inamchukua saa 17 na nusu kutoa nusu yake tu. Moyo unamwenda mbio, anatapika, anahangaika, anatetemeka, mwisho anapata degedege.

Ubaya wa chokoleti unapimwa kwa weusi wake. Nyeupe karibu haina kitu, ila mafuta na sukari. Ya maziwa, gramu 100, ina kama miligramu 200, na mbwa wa kilo 10 huanza kuugua hapo, miligramu 20 kwa kilo. Akifika 40 hadi 50 ni moyo, akifika 60 ni degedege. Nyeusi inakuwa mara mbili, mara tatu. Unga wa kakao ndio mbaya kuliko vyote: vijiko viwili vya mezani vinatosha kufanya kazi ya ule mche mzima wa chokoleti ya maziwa. Wenzetu wa Kyela wanaoanika kakao wafunge mbwa zao. Paka hana hamu ya utamu, hausikii kabisa ulimini, kwa hiyo chokoleti mara nyingi anaipita, lakini ikimwingia ni sumu kwake pia.

Kahawa ni nyumba hiyohiyo. Machicha ya kahawa chungu yanayomwagwa pembeni ya baraza asubuhi, na majani ya chai, yamwagwe mahali mbwa hafiki.

Lakini katika masanduku hayo hayo kuna kitu kidogo kibaya kuliko chokoleti: peremende na ubani wa kutafuna usio na sukari, alioletewa mjomba mwenye kisukari. Soma pakiti. Ukiona zailitoli, inayoandikwa “xylitol” au “E967”, ichukulie kama sumu ya panya. Kongosho la mbwa linadanganyika, linadhani ni sukari, linamwaga insulini, sukari ya damu inaporomoka ndani ya nusu saa hadi saa moja, ingawa yaweza kuchelewa hadi saa 12. Gramu 0.1 kwa kilo inatosha. Mtoto wa mbwa wa kilo 5 anafikiwa na nusu gramu, na ubani mmoja au miwili inaweza kuwa nayo. Ikifika nusu gramu kwa kilo, ini linaweza kufa. Baadhi ya siagi za karanga za kutoka nje nazo zina kitu hicho. Ile ya kusaga mwenyewe haina.

Vinavyokwama na vinavyochoma

Hivi vya kwanza si sumu, ila mezani petu ndivyo vinavyoanguka zaidi. Mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Kijiti cha mishikaki kimenyonya mafuta na chumvi, mbwa hakitafuni, anakimeza kizima, na kijiti kinatoboa tumbo. Gunzi la hindi la kuchoma halimeng'enyeki, linakaa utumboni kama kizibo. Mbwa anatapika kila anachokunywa na choo hakitoki, na dawa yake ni kisu cha daktari. Kokwa la embe na la parachichi ni hivyo hivyo. Nikipika mahindi au mishikaki kuna ndoo ya magunzi na vijiti, ina kifuniko, na juu ya kifuniko kuna jiwe.

Unga wa maandazi ukiwa umetiwa hamira na haujapikwa, usiuache ukiumuka chini. Tumbo la mbwa lina joto zuri kuliko jiko langu: unga unaendelea kuumuka humo, tumbo linajaa kama ngoma, na hamira inatoa kileo kinachoingia kwenye damu. Mbwa anapepesuka kama mlevi kwa sababu amelewa kweli. Andazi lililokaangwa halina hatari hiyo, ni mafuta tu.

Chumvi: papa mkavu na ng'onda, loweka, mwaga maji, loweka tena, mwaga, ndipo paka aonje. Gramu 2 hadi 3 za chumvi kwa kilo zinatosha kumfanya mnyama augue. Kwa Shombo hizo ni kama vijiko viwili vya chai.

Makadamia, kwa walioko Kenya inakolimwa kwa wingi, inamlegeza mbwa miguu ya nyuma. Anaweza kushindwa kusimama. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku mbili, lakini mwenye mbwa huwa ameshalia.

Mahindi yenye kuvu nataka kuyasemea zaidi, kwa sababu hapa tunafanya makusudi. Gunia likipata kuvu tunasema, “hili la mbwa.” Sumukuvu haifi kwa kupikwa, na mbwa ni dhaifu mbele yake, inamla ini polepole mpaka macho yanakuwa ya njano. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Kinachoua mtu, kwa nini apewe mbwa? Pumba zenye harufu ya uvundo, karanga zilizokunjamana na kubadilika rangi, mkate wenye kuvu: choma.

Wanaofuga sungura, kasuku au mbuzi, jina la kukumbuka ni parachichi. Ndege ndio wanaokufa nalo haraka. Mbuzi wakila majani yake wanavimba kiwele na maziwa yanakauka, na moyo unaweza kudhurika. Mbwa kwa parachichi ana nafuu, mbali na lile kokwa.

Na wa pwani: bunju, yule samaki anayejivimbisha. Wavuvi wanamtupa mchangani kwa sababu wanamjua. Paka na mbwa wa pwani si wote wanaomjua. Sumu yake haiondoki kwa kupika, inafunga pumzi, haina dawa ya kuipinga. Usichukue utumbo wa samaki usiojua umetoka kwa samaki gani.

Si chakula, lakini naliweka hapa kwa sababu linatoka kabatini mwa jikoni. Jirani yangu aliona paka wake ana homa akampa nusu kidonge cha parasetamoli, kwa mapenzi tu. Mwili wa paka hauna namna ya kuitoa dawa ile. Fizi ziligeuka rangi ya udongo, uso na nyayo zikavimba, na hakufika asubuhi. Paka hapewi parasetamoli. Hata punje.

Akishakula

Toa kilichobaki mdomoni na chini. Angalia saa. Tunza pakiti, au ganda, au kipande alichotapika, hata kama kinanuka. Mpigie daktari wa mifugo umwambie vitu vinne kwa mfuatano: uzito, alichokula, kiasi, na saa ngapi zimepita. Mabwana mifugo wengi kazi yao ya kila siku ni ng'ombe na kuku. Ukimpa namba hizo atajua afungue kitabu wapi, na kama hana dawa atakuelekeza kwa mwenzake. Kumtapisha kuna maana hasa ndani ya saa mbili za mwanzo, na kunafanywa na daktari au kwa maelekezo yake. Mnyama aliyeanza kusinzia, kupepesuka au kutetemeka hatapishwi. Matapishi yataingia mapafuni.

Usimnyweshe maji ya chumvi. Najua ndivyo bibi zetu walivyofanya. Chumvi yenyewe inaua, nimeshasema kipimo chake hapo juu. Usimkabe kwa maziwa wala mafuta ya kula, vinaingia njia ya hewa. Usimtie vidole kooni. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa dawa wanaotumia madaktari, na kwa zailitoli hata huo wa dawa hausaidii sana.

Jambo moja unaloweza kufanya mwenyewe: kama ni zailitoli na mbwa amelegea lakini bado anajua jina lake, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi, na muwe njiani kwenda kwa daktari wakati unapaka.

Jifunze rangi ya fizi za mnyama wako akiwa mzima. Mimi Ijumaa baada ya kufagia ua namwinua Jemadari mdomo, nabonyeza fizi kwa kidole, inageuka nyeupe, nahesabu moja, mbili, iwe imerudi kuwa ya waridi. Ikichelewa, ikiwa nyeupe, njano au kahawia, sisubiri Jumanne.

Anachokula siku za kawaida: ubwabwa mweupe au ugali usio na chumvi, dagaa waliooshwa mpaka maji yanatoka safi, boga, nyama ya ile bakuli, ini mara moja kwa wiki. Shombo anataka nyama na samaki zaidi, wali hana habari nao. Mafuta ya mbuzi ya siku ya Idi hawapati. Mbwa mmoja wa mtaani kwetu alishiba mafuta hayo akatapika siku tatu.

Kwenye shughuli, tatizo si mimi, ni wageni mia nne wenye huruma. Kwa hiyo nikipatana bei siku hizi naongeza kijana mmoja ambaye hapiki wala haoshi. Anakaa na pipa la makombo, analifunika baada ya kila sinia, na mgeni akija na sahani akiuliza mbwa wa hapa yuko wapi, anamjibu ameshakula. Na ni kweli: saa nne asubuhi, kabla sijashika kisu cha vitunguu, nilishawatengea wote wa ua ule sahani yao.